Dansi za Kombo

Mkono wa kushoto unagusa nota ya chini. Nota nyingine zinapanda juu yake moja baada ya nyingine, bila haraka, mpaka zinafika kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, na huko juu ndiko uliko wimbo. Kisha mkono unarudi chini, nota zinapanda tena. Inakwenda hivyo kwa dakika mbili hivi, na katika muda wote huo hakuna kishindo wala mbwembwe, wala mahali ambapo mtunzi anakutaka umtazame alivyo hodari. Ukishaanza kuuzoea mwendo, sauti inageuka. Fungu la nota ulilolitarajia halikuja, limekuja jirani yake, na wimbo umeingilia mlango mwingine kana kwamba huo ndio uliokuwa wake tangu mwanzo.

Hivyo ndivyo zilivyo Danses de travers, dansi tatu fupi za piano alizozitunga Erik Satie jijini Paris mwaka 1897. Mimi huziita dansi za kombo. Zipige katika ukumbi wa dansi uone: watu watanyanyuka vitini, watashikana mikono, kisha watasimama wakitazamana, kwa sababu aliyewaita kucheza ameliondoa lile pigo zito linalomwambia mchezaji wapi aweke mguu. Ameacha myumbo peke yake. Wako wanaozisikiliza wakaona ni mzaha wa mtu wa kabareti, kitu cha kuchekesha kisha kikasahaulika. Kwangu ni kazi ya mikono iliyotengenezwa kwa uangalifu ambao piano ya Ufaransa, pamoja na utajiri wake wote, haikuuonyesha mara nyingi.

Satie alikuwa na miaka 30 alipoziandika. Alizaliwa Honfleur, bandari ndogo ya Normandy, tarehe 17 Mei 1866. Mama yake, mwenye asili ya Scotland, alifariki mwaka 1872, na mtoto akapelekwa kwa babu na bibi yake. Baadaye baba alioa mwalimu wa piano, na mama huyo wa kambo ndiye aliyemsukuma kuingia chuo cha muziki cha Conservatoire ya Paris mwaka 1879. Walimu wa pale walimwona mvivu. Walimtoa mwaka 1882, akarudi 1885, na mwaka uliofuata akaona heri jeshi kuliko darasa. Jeshini nako hakukaa. Akapanda zake Montmartre, kwenye kilima cha wasanii na vilabu vya usiku, na mwaka 1888, akiwa na miaka 21, akatunga Gymnopédies tatu, ambazo wengi duniani wamezisikia katika filamu na matangazo hata kama jina hawalijui. Jina lenyewe linatokana na sherehe ya Sparta ya kale ambako vijana walicheza mbele ya umma. Kwa hiyo nazo ni dansi, dansi za mapigo matatu kama walsi, ila zimepunguzwa mwendo mpaka mguu ukiinuka hujui utashuka lini.

Ninazitaja kwa sababu ya jambo moja la kalenda. Rafiki yake, mtunzi Claude Debussy, alizipanga mbili kati ya hizo kwa ajili ya okestra, na Februari 1897 zikapigwa Paris. Kwa mtu aliyekuwa fukara kama Satie, ambaye wakati huo alikuwa akiishi rue Cortot katika chumba kidogo mno hata mwenyewe alikiita kabati, huo ulikuwa mlango wa kutokea. Wengi wangetunga Gymnopédie ya nne, na ya tano, mpaka soko lichoke. Yeye mwezi Machi mwaka huohuo aliandika seti iitwayo Pièces froides, yaani vipande vya baridi, na ndani yake mna dansi hizi za kombo, ambazo kwa umbo hazifanani kabisa na Gymnopédies. Ule upana wa sauti zilizosimama mbalimbali haumo. Badala yake kuna mtiririko usiokatika. Alikuwa amepata njia inayosifiwa, akaiacha wakati sifa ndiyo kwanza zinaanza kuja, na hakuiacha kwa hasira. Aliiacha kwa sababu alikuwa na swali jingine la kuuliza.

Nusu ya kwanza ya seti hiyo ina nyimbo tatu zinazoitwa Airs à faire fuir, nyimbo za kumfanya mtu akimbie. Wa katikati umejengwa juu ya The Keel Row, wimbo wa kienyeji wa kaskazini mashariki ya Uingereza, wa watu wa mashua za mto Tyne. Satie ameuvisha mafungu ya sauti yasiyo ya kwao, ukawa mgeni mwenye adabu katika nyumba ya Kifaransa. Ni mzuri, na anayeijua asili yake hutabasamu. Lakini nusu ya pili ndiyo inayonirudisha kwenye piano.

Tuutazame ufundi wenyewe. Kuzivunja nota za fungu moja na kuzipiga kwa kufuatana badala ya kuzibana pamoja kulikuwa jambo la kawaida kuliko yote katika sebule za Paris za wakati ule. Kila mwimbaji wa mapenzi alisindikizwa hivyo. Kila binti aliyefundishwa piano alijifunza kuvingirisha mkono hivyo chini ya wimbo mtamu. Satie ameuchukua usindikizaji huo, kitu kilichokaa nyuma siku zote, akaufanya nyumba nzima. Wimbo haukukaa juu yake ukijisikia bora. Unatoka ndani yake, ni nota ya mwisho ya kila mpando, na kama ungeiondoa hiyo mipando wimbo ungebaki nota chache zilizotawanyika. Hapo kuna uamuzi wa kifundi ambao ni rahisi kuupita bila kuuona: tabaka la juu na la chini limekuwa kitu kimoja, na bado sikio linalitambua la juu. Ili jambo hilo litokee, kila fungu lazima lipimwe. Nota ya besi ikiwa nzito kidogo tu kuliko inavyotakiwa, wimbo unazama. Fungu likiwa na nota moja ya ziada katikati, mtiririko unakuwa matope.

Kisha kuna suala la wapi sauti zinakwenda. Katika muziki wa Ulaya wa karne ile, fungu moja la nota hulivuta jingine kwa deni: likisikika hili, sikio linadai lile, na mtunzi hulipa sasa au huchelewesha malipo ili akusisimue. Mtunzi Mjerumani Wagner alijenga saa nzima za opera juu ya kuchelewesha deni hilo, na nusu ya Paris ilikuwa imelewa naye. Satie analifuta deni. Mafungu yake yanakaa pamoja kama majirani wasiodaiana. Kila moja ni tamu na linaeleweka, lina jina hata katika kitabu cha mwanafunzi, ila ufuataji wake ndio usiotabirika. Ndiyo maana dansi hizi zina mshangao bila mshtuko. Hakuna sauti chungu ndani yake hata moja ya kukufanya ukunje uso, na bado kila baada ya muda mfupi unajikuta uko mahali usipojua ulifikaje.

Na zote tatu zinafanya hivyo kwa vifaa vilevile. Huu ndio upande ambao msikilizaji wa haraka huuona kuwa umaskini. Mpando uleule, mwendo uleule, urefu unaokaribiana. Kwa nini tatu? Satie alikuwa na desturi ya kutunga kwa tatutatu: Sarabandes tatu, Gymnopédies tatu, nyimbo tatu za kukimbiza na dansi tatu za kombo. Alilitazama wazo moja kutoka pande tatu, kama mtu anayeizunguka sanamu. Anayeijua kofia ya kiua atanielewa upesi. Mshonaji wa kofia hiyo ana kitambaa kimoja cheupe, uzi mweupe na tundu dogo linalorudiwa mamia ya mara. Hana rangi ya kumsaidia wala shanga. Tofauti kati ya kofia na kofia iko katika namna matundu yalivyopangwa, na thamani yake iko katika matundu yenyewe, katika sehemu ambazo kitambaa hakipo. Mtu asiyezoea ataona kofia tatu nyeupe. Mwenye jicho ataona mafundi watatu, au fundi mmoja katika fikra tatu. Satie katika dansi hizi ni fundi wa namna hiyo. Alijinyima kila kitu ambacho kingeitofautisha dansi ya pili na ya kwanza kwa urahisi, ili tofauti itakayobaki iwe ile iliyomo ndani kabisa, pale wimbo unapokata kona na pale fungu la sauti linaposhuka ngazi.

Kazi ya namna hii haifanywi kwa kubahatisha. Daftari ndogo za Satie, ambazo nyingi zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, zinamwonyesha mtu anayeandika, anafuta, anaujaribu wimbo uleule juu ya mafungu mbalimbali mpaka apate lile analolitaka. Kurasa hizo zinapaswa kumnyamazisha yeyote anayerudia hadithi ya mvivu wa Conservatoire. Wepesi tunaousikia ulisuguliwa.

Ukifungua ukurasa wenyewe, kitu cha kwanza utakachokikosa ni mistari ya vipimo. Kwa kawaida nota hugawanywa kwa mistari ya wima, na kila baada ya mstari huja pigo zito. Kwa wanamuziki wanaopigia wachezaji, mstari huo ndio sheria, kwani pasipo pigo la kwanza hakuna hatua ya kwanza. Satie alikuwa ameshaiondoa katika Gnossiennes za mwanzoni mwa miaka ya 1890, na hapa ameiondoa tena, mahali ambapo jina lenyewe linasema dansi. Matokeo yake huyaoni mpaka ukae kwenye kiti. Mpigaji aliyezoea kuegemea mstari anajikuta hana pa kuegemea. Lazima aamue mwenyewe sentensi inaanzia wapi na inapumulia wapi, kisha aamue upya kesho, kwa sababu ukurasa haumlazimishi. Nimeona wanafunzi wenye vidole vyepesi, wanaoweza kupiga Chopin kwa kasi ya kutisha, wakifika hapa wanahangaika. Vidole havina shida. Shida ni kwamba hakuna mahali pa kujificha, na kila nota inasikika kama uamuzi.

Juu ya nota hizo ameandika maneno. Watunzi wa Ulaya walikuwa na msamiati wao wa Kiitaliano wa kumwelekeza mpigaji: haraka, taratibu, kwa nguvu, kwa upole. Satie anautupa. Mwanzoni mwa dansi ya kwanza anamtaka mpigaji alitazame jambo mara mbili, ya pili anamwambia apite, ya tatu anamwambia arudie tena. Katika Gnossiennes alikwenda mbali zaidi: ang'ae, aulize, apige kwa ncha ya fikra, afungue kichwa. Watu hucheka, na kicheko si kibaya. Lakini jaribu kufanya anachosema. Mwambie mpigaji apunguze sauti, naye atalegeza mkono tu. Mwambie apige kwa ncha ya fikra, na kwa sekunde chache hatajua la kufanya. Katika sekunde hizo chache atasikiliza, na mkono utafuata sikio badala ya mazoea. Sijui maelekezo mengine katika muziki wa piano yanayofanya kazi kwa njia ya moja kwa moja kama hiyo. Yanamtengeneza mpigaji kabla hajatengeneza sauti.

Naye aliyalinda. Katika Heures séculaires et instantanées za mwaka 1914, ambamo alisimulia vijihadithi vizima juu ya nota, aliandika katazo kali la kuyasoma maandishi hayo kwa sauti wakati muziki unapigwa. Yalikuwa siri kati yake na mtu aliye mbele ya piano. Msikilizaji anapata matunda yake tu.

Mtu anaweza kuuliza kama Satie aliivunja dansi kwa sababu hakuijua. Jibu liko katika maisha yake ya usiku. Miaka mingi alijipatia riziki kwa kupiga piano kwenye kabareti, kwanza Chat Noir, kisha Auberge du Clou, baadaye akimsindikiza mwimbaji Vincent Hyspa. Vidole vyake vilijua barabara ni nini kinachofanya miguu isitulie chini ya meza. Walsi yake Je te veux, aliyoiimba Paulette Darty, malkia wa walsi taratibu wa Paris, ni walsi kamili isiyo na kilema, ya mapigo matatu yanayozunguka kama ilivyozunguka walsi kokote ilikofika, hata katika kumbi za dansi za Dar es Salaam na Mombasa enzi za ukoloni. La Diva de l'Empire, ya mwaka 1904, ina mwendo wa keki-woki uliotoka kwa Wamarekani weusi, na ameushika vizuri. Kwa hiyo mtu aliyeandika dansi za kombo alikuwa anajua kuandika dansi zilizonyooka, na alizipiga kila usiku ili ale. Kombo yake ni ya mtu anayeijua njia iliyonyooka kwa mguu wake mwenyewe.

Mwaka 1898 alihama Montmartre kwenda Arcueil, kitongoji cha watu wa viwandani kusini ya Paris, na kutoka huko alikwenda mjini kwa miguu na kurudi, kilomita kama kumi kila upande. Wako wanaosema mwendo wa kutembea ndio ulioingia katika mapigo yake. Sitabishana nao, ingawa dansi zangu tatu ziliandikwa kabla ya safari hizo. La kushangaza zaidi ni la mwaka 1905. Akiwa na miaka 39, na Gymnopédies zimeshamtoka mikononi, alijiandikisha kama mwanafunzi katika shule ya muziki ya Schola Cantorum, akakaa darasani na vijana kujifunza kuziunganisha sauti kwa kanuni za wakale, chini ya Albert Roussel, aliyekuwa mdogo kwake kwa umri. Debussy alimshauri asiende. Alikwenda, na mwaka 1908 akapewa hati yenye alama nzuri sana. Ninapolifikiria jambo hilo napata heshima kwake kuliko ninapozisikia hadithi za suti saba za mahameli zilizofanana au za miavuli yake.

Dansi za kombo zilikuwa bado hazijachapishwa. Ilibidi mtunzi Maurice Ravel, Januari 1911, apige hadharani baadhi ya kazi za zamani za Satie ndipo wachapishaji wakakumbuka kwamba kuna mtu Arcueil. Pièces froides zikatoka mwaka 1912, miaka 15 baada ya kuandikwa. Ricardo Viñes, mpiga piano Mkatalani aliyekuwa ametambulisha kazi nyingi za Debussy na Ravel, ametajwa kwenye zile nyimbo tatu za kukimbiza kama mtu aliyetunukiwa.

Baada ya hapo Satie akarudi kwenye dansi kwa namna nyingine. Mwaka 1914 alitunga walsi tatu fupi sana zenye jina refu, Trois valses distinguées du précieux dégoûté, juu ya bwana mmoja mtanashati aliyechoshwa na kila kitu isipokuwa nafsi yake. Walsi moja ni ya kiuno chake, nyingine ya miwani yake, ya tatu ya miguu yake. Kila moja imetanguliwa na nukuu ya mwandishi wa zamani: La Bruyère, Cicero, Cato. Ravel alikuwa ametoa Valses nobles et sentimentales mwaka 1911, na wengi wamezisoma walsi za Satie kuwa kijembe kwake. Huenda. Mimi ninavutwa zaidi na ile ya miguu. Maandishi yanasema bwana yule anaionea fahari miguu yake, haichezi ila dansi teule, na angependa kuibeba kwapani. Muziki unafanya nini? Hauigizi miguu. Unakwenda kwa hatua safi, kavu, zenye adabu ya kupita kiasi, na unakatika mara tu unapotaka kujisikia. Yote ni dakika moja hivi. Hakuna nota ya kukebehi. Mtunzi amemchora bwana huyu kwa mstari mwembamba na kumwacha aende zake akiwa mzima.

Mwaka huohuo, katika Sports et divertissements, albamu ya vipande 21 vilivyoandamana na michoro ya Charles Martin, aliandika tango. Tango ilikuwa imeiteka Paris, na mapadri walikuwa wakiikemea. Satie anasema ndiyo dansi aipendayo Shetani, huicheza ili apoe mwili, na mkewe na binti zake hupoa hivyohivyo. Tango hiyo haina mwisho. Ina alama ya kurudia, na ukiifuata utarudi mwanzo, na utarudi tena, kwa ukarimu wa Jehanamu. Haina joto hata kidogo, ni nyororo na ya kijivu, na hapo ndipo penye akili yake: adhabu ya milele ameionyesha kuwa kitu chepesi kisichokoma. Albamu nzima aliinakili kwa mkono wake, kwa wino mweusi na mwekundu, kwa mwandiko wa mtu anayeheshimu karatasi, na ilichapishwa kwa mwandiko huohuo. Ukitazama kurasa zake unaona kwamba kwake kuchora nota na kuzitunga ilikuwa kazi moja.

Nirudi kwenye piano, maana dansi hizi zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayezipiga kuliko kwa ajili ya ukumbi. Kinachotakiwa ni kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kile dhaifu kuliko vyote, kibebe wimbo mzima bila kugonga. Vidole vingine vifike kwa wakati sawasawa, visikimbie kupanda wala visisite kabla ya kushuka. Pedali ni ya kuonja. Ukiikanyaga sana mafungu yanachanganyika na ule ujirani wao unapotea, usipoikanyaga mpando unakuwa ngazi ya mbao. Wapigaji wengine hupunguza mwendo ili dansi zionekane na maana kubwa. Hilo linafaa katika Gymnopédies, ambako Reinbert de Leeuw wa Uholanzi alithibitisha kwamba hata mwendo wa kukaribia kusimama unaweza kubeba muziki. Hapa halifai. Mtiririko ukipoa unafunua mishono. Aldo Ciccolini, aliyezaliwa Napoli akawa raia wa Ufaransa na akarekodi piano yote ya Satie, alijua kuziacha ziende kwa pumzi ya mtu anayetembea akizungumza. Yake ndiyo ninayomshauri anayeanza.

Na mtu asizifanye muziki wa kujazia chumba. Satie mwenyewe baadaye alibuni kile alichokiita muziki wa samani, wa kupigwa watu wakiendelea na mazungumzo yao, na ulipopigwa mwaka 1920 inasemekana aliwasihi wasinyamaze. Huo aliutunga makusudi kwa kazi hiyo. Dansi za kombo aliandika juu yake, pale mwanzo kabisa, kwamba zitazamwe mara mbili.

Alifariki tarehe 1 Julai 1925. Rafiki zake wakaingia chumba cha Arcueil ambacho kwa miaka 27 hakuna aliyekaribishwa ndani, na kati ya vumbi na miavuli wakaikuta Jack in the Box, vipande vya mwaka 1899 ambavyo mwenyewe aliamini amevipoteza ndani ya basi. Darius Milhaud akavipanga kwa okestra, na Juni 1926 kundi la bale la Diaghilev likavicheza Paris kwa hatua za kijana aitwaye George Balanchine. Miaka 39 baadaye, London, mtunzi wa bale Frederick Ashton alizichukua Gymnopédies, zile ambazo kila mtu alisema ni dansi kwa jina tu, akawaweka jukwaani mwanamke mmoja na wanaume wawili, wote kwa mavazi meupe, katika kazi iitwayo Monotones. Hawaruki. Wananyoosha mguu mpaka mwisho wake, wanageuka pamoja, mmoja anazungushwa na wawili huku pigo likiwa mbali, na mizani yao inatokana na kusikilizana, kwa sababu muziki hauwapi kitu kingine cha kushika. Mwaka uliofuata Ashton akaongeza Gnossiennes.

Ningependa kuwaona wachezaji wa namna hiyo wakipewa dansi tatu za kombo. Mwalimu wao asingeweza kuwahesabia moja, mbili, tatu, kwa kuwa katika ukurasa hakuna moja. Ingebidi mpiga piano akae jukwaani, karibu nao, wamwone bega linapojiandaa, na yeye aone magoti yao, kisha nota ya besi iguswe na wote wanne waanze kupanda.